BASTOLA KWENYE GARI, MWENYEWE MSIKITINI: HII NDIYO AMANA?



 

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wangependa linong'onwe tu, lisiandikwe. Tumeona tuliandike, kwa sababu tulikaribia kuzika mtoto.

Kila Ijumaa hapa Nyamirambo mnaijua hali. Adhana inakaribia, magari yanapangana kando ya barabara, watu wanashuka wakikunja mikono ya kanzu kwenda kutia udhu. Wengi hawaachi kitu cha maana ndani ya gari. Lakini wamo wachache kati yetu ambao kazi zao au vibali vyao vinawaruhusu kuwa na bastola. Kanzu haina mahali pa kuiweka, na mwenyewe anaona haya kuingia nayo nyumba ya Allah. Basi anaisukuma chini ya kiti, au kwenye kidroo cha dashibodi, anafunga milango, anakwenda kuswali. Anadhani ameuheshimu msikiti. Sisi tunasema amehamisha hatari kutoka kiunoni mwake akaiweka barabarani.

TULIYOYAONA

Ramadhani moja ya karibuni, baada ya futari, mtoto wa miaka minane alipewa ufunguo akachukue msala ndani ya gari la mjomba wake. Aliinama kuutafuta chini ya kiti. Akarudi kwa mama yake amekishika kitu kwa mikono miwili, akauliza: "Mama, hii ya mjomba ni ya kweli?"

Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na risasi. Allah alisitiri. Mama yake hakupiga kelele. Alimwambia aiweke chini polepole, akamvuta kwake. Wanaume walipotoka kwenye tarawehe wakasema, "Alhamdulillah, limepita," wakaendelea na chai. Hatukubaliani nao. Jambo halijapita maadamu Ijumaa iliyofuata gari lile lile lilikuwa pale pale, na hakuna aliyeuliza bastola iko wapi.

Tumezisikia hoja zao. Tuzijibu moja moja.

HOJA YA KWANZA: "GARI LIMEFUNGWA"

Ndugu zetu, gari si ghala. Kioo kinavunjwa kwa sekunde chache. Ufunguo wake unashikwa na watu wengi: dereva, mke, kijana anayeliosha, fundi wa gereji, na huyo mtoto aliyetumwa msala. Kiti nacho hakina kufuli. Ukifunga breki za ghafla, kilicho chini yake kinateleza hadi kwenye miguu yako.

Tutoe mfano wa mbali, maana wenzetu wa huko wameilipia gharama kubwa. Mwezi Juni 2015, afisa wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi za umma aliegesha gari San Francisco, bastola yake ya kazi ikiwa ndani ya begi. Gari likavunjwa, bastola ikaibwa. Siku nne baadaye, Julai 1, risasi iliyotoka kwenye bastola hiyo hiyo ilimuua Kate Steinle, mwanamke wa miaka 32 aliyekuwa akitembea na baba yake kwenye gati la mji. Mahakamani walibishana sana kama aliyeishika alikusudia, na mwaka 2017 akaondolewa shtaka la mauaji. Lakini hakuna aliyebishana bastola ilitoka wapi. Ilitoka kwenye gari lililoegeshwa.

Kuanzia mwaka 2017 sheria ya California ikamtaka kila mtu, hata polisi, anayeacha bastola kwenye gari lisilo na mtu aifungie kwenye buti au kwenye kasha lenye kufuli lisiloonekana. Colorado nao, kuanzia Januari 1, 2025, wametaka kasha gumu lililofungwa, lisionekane, na gari lenyewe lifungwe. Hao ni watu wa nchi yenye bunduki nyingi kuliko nchi yoyote. Ikiwa wao wameona kidroo cha dashibodi kisichofungwa kwa kufuli hakitoshi, sisi tunajidanganya kwa lipi?

HOJA YA PILI: "NI DAKIKA CHACHE TU, TUNAKWENDA KUSWALI"

Hoja hii ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu inaifanya swala kuwa kisingizio cha uzembe.

Hebu someni Suratu Nisaa, aya ya 102, juu ya swala ya hofu. Waumini wako vitani, adui yuko mbele yao, na wanaswali kwa zamu. Wameamrishwa nini? Wawe na silaha zao. Tena wanaonywa kwamba adui anatamani waghafilike nazo. Hata aliyepewa ruhusa ya kuiweka chini kwa sababu ya mvua au ugonjwa ameamrishwa hapo hapo achukue tahadhari. Muislamu aliamrishwa asiighafilike silaha yake hata kwenye sijda, na leo anaisahau chini ya kiti cha gari!

Atasema mtu: "Basi mnataka tuingie nazo msikitini?" Hapana. Nyamirambo si uwanja wa vita. Mtume (s.a.w.) alimtaka anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Alikataza watu kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Alionya pia dhidi ya kumwelekezea ndugu silaha, kwani huenda shetani akamponyoka nayo mkononi. Mafunzo haya yote yana maana moja: mwenye silaha ndiye mwenye mzigo wa kuhakikisha haimdhuru asiyehusika. Mzigo huo hauegeshwi nje pamoja na gari.

HOJA YA TATU: "ALLAH NDIYE MLINZI"

Kweli, na hakuna mlinzi kama Yeye. Lakini katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache huru na ategemee. Akaamrishwa amfunge kwanza. Na ngamia akipotea hasara ni ya mwenyewe. Bastola ikipotea, hasara ni ya mtoto wa jirani.

HOJA YA NNE: "KIGALI NI SALAMA, MNATIA WATU HOFU"

Kigali ni salama, alhamdulillah, na raia wenye silaha ni wachache. Usalama huo haukuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Ni matunda ya udhibiti. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004 ya kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogo ndogo, na ina Sheria Na. 56/2018 kuhusu silaha. Kibali anapewa mtu, hakipewi gari. Bastola ikiibwa, siku hiyo hiyo inakuwa silaha isiyo na kibali, mikononi mwa mtu asiyejulikana.

Tena sisi Waislamu wa mji huu tuna jina la kulinda. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wako wazee wetu wa Biryogo na Nyamirambo waliowaficha majirani majumbani mwao kwa kuhatarisha roho zao. Je, sisi wana wao tuwe sababu ya jirani kuuawa kwa uvivu wa kununua kufuli?

TUFANYE NINI BASI?

1. Kama huna kazi nayo siku hiyo, isitoke. Ikae nyumbani ndani ya kasha la chuma lililofungwa, risasi zikae mbali nayo, ufunguo usijulikane na watoto.

2. Kama ni silaha ya mwajiri, irudishe ghalani kwanza ndipo uje kuswali. Kuchelewa safu ya kwanza ni kheri kuliko kuwahi jeneza.

3. Ukilazimika kabisa kuiacha kwenye gari, na masharti ya kibali chako au ya mwajiri wako hayakatazi, iwe tupu, chemba imekaguliwa, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli lililofungwa kwa bolti au waya wa chuma kwenye bodi ya gari, ndani ya buti, lisionekane. Iweke humo kabla hujafika msikitini, si pale watu wanapokutazama. Ufunguo wa kasha ukae mwilini mwako.

4. Isilale kwenye gari usiku hata mara moja. Gari likienda kuoshwa au kwa fundi, hakikisha kwanza halina silaha.

5. Andika namba ya silaha na uitunze nyumbani. Ikipotea, nenda polisi saa hiyo hiyo. Aibu ya leo ni nyepesi kuliko damu ya kesho.

Akina mama, mnayo haki ya kuuliza kabla mtoto hajapanda gari la mtu yeyote, awe mjomba, awe baba mdogo: "Kuna silaha humu?" Swali hili si utovu wa adabu. Wafundisheni watoto maneno matatu: usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Nanyi wanafunzi, mkiiona msiipige picha wala msijionyeshe nayo. Mwambieni mzazi.

Na kamati zetu za misikiti, tunawaomba khutba moja tu juu ya jambo hili. Tumekuwa hodari wa kutangaza viatu vilivyopotea mlangoni. Tutangaze na hili kabla halijapotea roho.

Suratu Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Silaha ni amana, na maisha ya mtoto anayepita kando ya gari lako ni amana kubwa zaidi. Ndugu yetu mwenye bastola, hatukuchukii. Tunataka Ijumaa ijayo utoe salamu kulia na kushoto, utoke, na usikute umati umelizunguka gari lako.

Ee Allah, tulindie watoto wetu, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunga amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.