Kibarua Kimemaliza: Pendekezo la Istilahi Moja ya Kompyuta

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekwama muda mrefu kwenye jina la mashine yenyewe. Wapo wa kompyuta, wapo wa tarakilishi, wapo wa ngamizi. Na huku tukivutana hivyo, yanayotendeka ndani ya mashine hiyo tumewaachia wengine wayaeleze kwa Kiingereza. Makala haya yanashughulikia dhana moja tu ya huko ndani: usimamizi wa mikondo ya kazi inayochora picha.

Picha yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080 ina pikseli 2,073,600. Mchezo wa kompyuta unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una muda usiofika milisekunde 17 wa kukamilisha kila moja. Kwa kuwa prosesa za leo zina viini kadhaa, programu huigawa kazi hiyo kwa mikondo inayokwenda sambamba. Kiingereza huuita mkondo huo kwa jina la uzi, na baadhi yetu tumefasiri vivyo hivyo. Lakini uzi unamwambia nini mwanafunzi? Uzi haushiki kazi wala haungoji zamu.

Napendekeza kibarua. Anayeliona neno hili kuwa la dharau na akumbuke asili yake: ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha jina la cheti likamhamia mwenye cheti. Ndivyo ilivyo hasa ndani ya programu. Kazi huandikwa katika vyeti, vyeti hupangwa foleni, na kila kibarua kilicho huru huchukua cha mbele.

Tuitazame dhana hii katika mashamba ya miwa ya Awendo, Kaunti ya Migori. Msimamizi akiligawa shamba mafungu manane sawa, mkataji aliyeangukiwa na miwa iliyolala atabaki akihangaika wenzake wakiwa wameketi kivulini. Akiligawa vipande vidogo vidogo, kila amalizaye akachukua kingine, wote watamaliza karibu pamoja. Picha nayo ina anga tupu upande mmoja na nywele za mhusika upande mwingine. Vipande vyake havilingani kwa uzito. Tena, mapanga yakiwa manane, kuajiri watu 40 ni kuwafanya wapokezane mapanga tu. Mapanga hapa ndiyo viini vya prosesa.

Kisha kuna mizani. Matrekta yawe mengi kiasi gani, yakipimwa kwenye mizani moja yatapanga foleni. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa haigawiki, kasi haitazidi mara kumi hata vibarua viwe elfu. Mbita, Kaunti ya Homa Bay, wavuvi wa omena wanajua upande mwingine wa suala hili, kwamba wavu hauvutwi mpaka kila mmoja awe ameshika sehemu yake. Picha vilevile haionyeshwi kabla kipande cha mwisho hakijarudi.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba kibarua ni mtu na pia ni kazi yenyewe. Ndiyo maana husemwa kwamba kibarua cha fulani kimeota nyasi. Naona sarufi yetu inatosha kulitatua. Mtu huchukua upatanisho wa viumbe: kibarua amemaliza. Cha kompyuta kichukue KI-VI: kibarua kimemaliza. Kazi nayo haimalizi, bali hukwisha, na katika programu tayari tumeiita cheti. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo wa kutenga mtu na mashine, nasi tunao bila gharama yoyote.

Chuo Kikuu cha Rongo kilichoko Migori na kile cha Tom Mboya mjini Homa Bay vinafaa sana kulijaribu neno hili. Mwanafunzi wa Kiswahili aketi na wa kompyuta mbele ya Blender, programu ya kuchorea ambayo msimbo wake umekuwa huru tangu 2002, wabadilishe idadi ya vibarua, wapime muda, kisha waandike matokeo kwa Kiswahili kitupu. Watakapofikia hali ya vibarua viwili kungojeana kila kimoja kikiwa kimeshikilia ufunguo wa mwenziwe, watahitaji neno jingine. Mimi ningeanza na mkwamo.