Rupia Si Hirizi

Wapo wasemao kwamba chini ya kila boma la Mjerumani, kuanzia Lushoto hadi Amani, imefukiwa hazina, na kwamba rupia kongwe ina nguvu za ajabu, aipataye ataneemeka. Kwa maneno hayo misingi ya nyumba hufukuliwa usiku, na matapeli hushiba. Ubaya mkubwa wa upotofu huu si fedha ziliwazo. Ni kwamba sarafu inashikwa na mtu asiyetaka kuisoma.

Na ya kusomwa yamo. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ina tai upande mmoja; upande wa pili ina hati ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307. Mgeni yule, pamoja na jeuri yake yote, alijua kuwa watu wa pwani wanasoma, na wanasoma hati gani. Mwaka 1904 rupia ikagawanywa kwa hela 100 badala ya pesa 64, na hati ile ikatoweka. Hela ina taji na shada la majani, basi. Miaka 14 tu, na msomaji amekwisha kusahauliwa. Iliyobaki kuhesabiwa ni mikono yake.

Milimani Usambara mikono ndiyo hasa iliyotakiwa. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari yuleyule ambaye sura yake, na kofia ya vita kichwani, imo katika rupia. Kodi ya nyumba ilidaiwa tangu 1898; kisha Wasambaa wakapewa kadi za kazi, siku 30 katika kila miezi 4 kwenye shamba la mlowezi. Hela ya Usambara (neno lingali vinywani mwa watu hadi leo) ni shahidi wa siku hizo.

Hata herufi ndogo iliyopigwa juu yake ina kisa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, ambako mwaka 1916, manowari za Kiingereza zikiwa zimefunga bahari, hela zilipigwa humuhumu nchini. Asuguaye sarafu kwa jivu na ndimu ili ing'ae anaifuta herufi hiyo kwa mkono wake, kisha anajiita mtunza mambo ya kale!

Mwalimu wa historia pale Lushoto angeweza kuyafundisha haya yote kwa sarafu moja na kioo cha kukuzia. Lakini sarafu yenyewe imekwisha kuuzwa kwa mtalii, au imetobolewa na kuning'inizwa shingoni.