"Sikumsomesha binti yangu ashike jembe!"

Vuta kiti ukae. Na kama una mtoto anayengojea kwenda chuo kikuu, mwite naye asikie, kwa maana ya leo yanawahusu nyote wawili.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa magari katika Barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi. Ana binti mmoja, na binti huyo alifaulu vyema katika KCSE. Tangu akiwa darasa la sita watu wa ploti yao walizoea kumwita "Injinia", kwani hakuna redio iliyoharibika pale ambayo hakuifungua. Siku ujumbe wa KUCCPS ulipoingia kwenye simu, nyumba nzima ilikusanyika kuusoma. Kumbe uhandisi wenyewe ni wa kilimo! Mama mtu aliniambia kuwa mumewe aliusoma ujumbe ule mara mbili, akaiweka simu mezani, akatoka nje. Kwa siku mbili hakumsemesha mtoto. Siku ya tatu akanena: "Mimi sikuuza shamba la baba ili binti yangu afundishwe kushika jembe." Akaapa kwamba karo hatalipa mpaka binti ahame kozi.

Jioni hiyo mama akaja kubisha mlangoni kwangu. "Mzee, wewe ndiwe huandika magazetini. Hebu zungumza na huyu mtu, wewe atakusikia." Nilikwenda. Na niliyomwambia ndiyo ninayokuandikia wewe leo, kwa sababu najua nyumba yake si ya pekee.

Tuanze na hilo jembe. Mzazi mwenzangu, kumbuka ulipokuwa shuleni. Aliyechelewa kufika asubuhi alipelekwa wapi? Shambani. Aliyepiga kelele darasani? Shambani, kupalilia mahindi ya mwalimu. Tulifunzwa tangu utotoni kwamba kilimo ni adhabu, kisha leo tunashangaa mtoto akilia anapopata kozi yenye neno hilo! Mimi naona kosa si la watoto.

Sasa, kuna kozi tatu ambazo watu huzichanganya. Kuna shahada ya kilimo chenyewe, inayohusu mimea, mifugo na udongo. Kuna ya kilimo cha bustani, yaani maua, mboga na matunda. Na kuna uhandisi wa kilimo, ambao ni uhandisi kamili wa miaka mitano, wenye hesabu zile zile zinazomtoa jasho mwanafunzi wa ujenzi au wa mitambo. Tofauti ni kwamba hesabu hizi zinaelekezwa kwenye maji ya shamba, mashine za shamba, majengo ya shamba na mazao yanayotoka humo. Huyu wa tatu anaitwa kule ambako mwenye mimea na mwenye maua wamekwama.

Nitakupa mfano. Tuseme una ekari moja ya mishiri au nyanya. Siku ya jua kali, mimea iliyostawi na kufunika ardhi huweza kutumia maji ya kina cha milimita 5. Unaona ni kidogo? Yatandaze juu ya ekari nzima, na yanakuwa lita zaidi ya 20,000. Hayo ni mapipa 100 ya lita 200, kwa siku moja. Yatoke wapi? Yapandishwe na pampu ya nguvu gani? Yapite katika bomba la upana gani? Hapo kwenye bomba ndipo pesa za wakulima wengi huishia. Mtu ananunua pampu nzuri kwa bei ya kuumiza, halafu kwenye bomba anataka rahisi, anachukua la inchi 1 badala ya inchi 2. Ukipunguza upana wa bomba kwa nusu na bado unataka maji yale yale, nguvu inayopotea kwa msuguano ndani ya bomba huongezeka takriban mara 30. Petroli inachomeka, injini inalia, na mwishoni mwa bomba maji yanadondoka kama ya bomba la kwetu mtaani siku za mgao. Mkulima anasema pampu ni mbovu. Si mbovu. Hakuna aliyemfanyia hesabu.

Nilipofika hapo, fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akasema huletewa pampu kama hizo kila mara, anazifungua, anakuta hazina ugonjwa wowote. Hakuongeza neno.

Mfano wa pili si wa kuchekesha. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini. Waliougua walihesabiwa kuwa 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu ile haikutiwa na adui. Hutengenezwa na kuvu, na kuvu huyo hupenda nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu mahali penye joto. Usipomzuia mapema, hakuna kuosha wala kupika kutakakomwondolea mtu hatari hiyo, maana sumu ikishaingia haitoki kwa moto wa jikoni.

Mahindi ya kuwekwa ghalani hutakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chukua gunia la kilo 90 lililotoka shambani likiwa na asilimia 20. Ili lifike pale panapotakiwa, ni lazima karibu lita 7 za maji zitoke ndani yake. Gunia moja tu! Mwenye magunia 100 ana lita karibu 700 za kuondoa, na huenda mvua inanyesha, na mahali pa kuanika ni ua wa nyumba wenye kuku. Hewa ya joto ipulizwe kiasi gani? Kwa saa ngapi? Joto likizidi, punje hupasuka, na za mbegu hufa. Likipungua, kuvu anakutangulia. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa kilimo, na haina jembe ndani yake. Mama wa nyumba ile ni mzaliwa wa Makueni. Nilipoutaja mwaka huo aliinamisha kichwa, nami sikumwuliza kwa nini.

Kwa upande wa maua na matunda mambo ni yayo hayo kwa sura nyingine. Waridi lililokatwa Naivasha asubuhi halijafa. Linaendelea kupumua, na kupumua kwake kunatoa joto. Yafunge maelfu pamoja katika boksi bila kuyapoza, yatajichosha yenyewe kabla ya kufika Ulaya. Ndiyo maana kuna vyumba vya baridi, na lazima awepo mtu aliyepiga hesabu ya ukubwa wake na nguvu ya mtambo wake. Kwa mkulima wa maembe asiye na umeme kuna banda lenye kuta za makaa yaliyoloweshwa: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na ndani kukapoa. Nenda ukalijenge mahali ambapo hewa yenyewe ina unyevu mwingi, kama Pwani wakati wa masika, na utashangaa kwa nini halifanyi kazi. Mhandisi hatashangaa.

Na usidhani elimu hii yote huja kutoka ng'ambo kwa meli. Yale makingamaji ya Machakos yanayochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro yanaitwa "fanya juu", na vitabu vya kuhifadhi udongo huko nje huyataja kwa jina hilo hilo la Kiswahili.

Basi mtoto asomee wapi? Egerton pale Njoro palianza kama shule ya ukulima mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu mwaka 1987, na uhandisi wa kilimo hufundishwa hapo. Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, nacho kina kozi hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo pia, ila jina limebadilika: idara iliyokuwa ya Uhandisi wa Kilimo siku hizi ni ya Uhandisi wa Mazingira na Biosistimu. Juja nao wameongeza hilo neno biosistimu. Usibabaike. Shina ni lile lile, ingawa mafunzo ya mazingira na viumbe yameongezwa.

Wewe mwanafunzi, sasa nizungumze nawe bila kukuficha. Kama Hisabati na Fizikia ulizipita kwa kukariri usiku wa kuamkia mtihani, fikiri tena. Kwa kawaida hutakiwa angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na mara nyingi ushindani huifanya hiyo C+ isitoshe. Miaka miwili ya kwanza hutaona shamba sana. Utaona hesabu, michoro ya kihandisi, karakana, nguvu za vyuma na mbao, mwendo wa maji, joto na mitambo. Wengi hukata tamaa hapo, wakiuliza trekta iko wapi. Trekta inakuja baadaye, pamoja na upimaji wa ardhi, mabwawa, unyunyizaji wa maji, maghala na usindikaji wa vyakula. Mwaka wa tano unatengeneza mradi wako mwenyewe. Wanafunzi wengi huteua mradi mkubwa wa kuwavutia wazazi siku ya maonyesho, ukawashinda nusu ya njia. Teua mdogo unaofanya kazi.

Na likizo ikija, unapotumwa kwenda kufanya mafunzo kazini, usikimbilie ofisi yenye zulia. Nenda kwenye vivungulio, nenda Mwea kwenye mifereji ya mpunga, nenda kiwanda cha maziwa. Anayeona haya kuvaa buti za mpira asiiteue kozi hii.

Mzazi, kuna jambo moja usilipuuze hata kwa dakika. Kabla hujalipa senti, hakikisha kwamba kozi hiyo, katika chuo hicho, imo kwenye orodha iliyoidhinishwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Bodi hiyo iko chini ya sheria ya mwaka 2011, na mtu asiyesajiliwa nayo hana ruhusa ya kujiita mhandisi. Imewahi kutokea katika nchi hii vijana wakasoma miaka mitano, wakavaa joho, wakapigwa picha na shangazi zao, kisha bodi ikakataa kuitambua shahada yao. Jina zuri la kozi halikuwasaidia. Orodha iko wazi kwa kila mtu. Waulize bodi wenyewe, usimwulize rafiki ya rafiki. Tena ujue kwamba baada ya kufuzu, kijana husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hufanya kazi chini ya wakubwa kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kupewa cheo kamili.

"Na kazi je?" fundi aliniuliza. Hilo ndilo swali lake halisi, si jembe. Sikumdanganya. Serikali haimngojei mtu mlangoni kama zamani. Tangu mwaka 2013 kilimo kiko mikononi mwa kaunti, na kaunti huajiri zinapoweza, na wakati mwingine zinapopenda. Kuna mashamba ya maua, makampuni ya matrekta na pampu, viwanda vya chakula, mashirika ya maji. Wengine hujifungulia kazi zao: kuweka mifereji ya matone, kuchimba vidimbwi vya maji, kuuza mitambo ya kukausha nafaka. Wapo pia wanaokaa nyumbani na shahada yao, kama walivyo wa kozi nyingine. Lakini nilimwuliza yeye: wale wateja wanaokuletea pampu zisizo na ugonjwa, wanamlipa nani kwa ushauri? Akasema hawana wa kumlipa.

Hapo binti, aliyekuwa jikoni muda wote akijifanya anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa, alitoka na daftari akamwonyesha babake ile hesabu ya bomba. Sijui aliipata wapi. Walibishana juu yake mpaka saa nne usiku, juu ya kona za bomba na kama nazo hupoteza nguvu. Zinapoteza. Mimi niliaga nikaenda kulala.

Muda wa kuomba kuhama kozi ulipita na hakuna aliyeomba. Karo ya muhula wa kwanza imelipwa, na fomu za mkopo wa HELB zimejazwa. Fundi bado hajalitamka lile neno kilimo. Wenzake wa gereji wakimwuliza, huwaambia kuwa binti yake anasomea pampu. Mama naye alikwenda Gikomba Jumamosi akarudi na buti za mpira, akazificha chini ya kitanda.