Chagua Jibu Moja

Saa nane usiku, wodi ya wazazi. Mama amejifungua dakika ishirini zilizopita na khanga ya pili imeshalowa damu. Kwenye kozi nyingi za mtandaoni, hapa mwanafunzi wa uuguzi hupewa majibu manne: kuita msaada, kukanda mji wa mimba, sindano ya oksitosini, au dripu. Chagua moja. Anabonyeza, alama ya kijani inatokea, anasonga mbele.

Sasa jiulize, ni muuguzi gani atachagua moja? Yote manne yanatakiwa, tena upesi. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia mfuko wenye vipimo kukinga damu, kisha hatua zote zikachukuliwa kwa mkupuo badala ya kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Zoezi la kuchagua jibu moja, basi, linamfundisha mwanafunzi ileile tabia ya kungoja.

Nayasema haya nikiwaza Kiirua, kule Buuri, Kenya, kwenye baridi na mashamba ya viazi, penye hospitali ya misheni ya St. Theresa. Elimu ya wauguzi kwa mtandao si ngeni Kenya. Mwaka 2005 shirika la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi, lilianza kuwasaidia wauguzi wa cheti kupanda hadi diploma bila kuacha kazi. Mlango uko wazi tangu zamani. Ninachogombana nacho ni maswali.

Ningependa zoezi lenye saa inayotembea. Ukimwacha mama ukaenda ofisini kupiga simu, ukirudi mfuko unasoma mililita 700 na mapigo ya moyo ni 124. Hakuna maandishi mekundu ya kukwambia umekosea. Unaulizwa tu, sasa je? Na mwenzako aliyeamshwa utampa kazi gani?

Wakufunzi wengine watasema mikono haifundishwi kwa simu. Kweli, kukanda utajifunzia wodini. Lakini kugawa kazi huku damu inatoka ni jambo la kichwani, na hilo halihitaji video za kumaliza bando. Mistari mitano ya maandishi yatosha, mradi aliyeiandika amewahi kukesha zamu. Huyo ndiye atakayekumbuka kuweka kwamba umeme ulikatika tangu jioni, na oksitosini imo ndani ya friji.