Utu Upimwe Mlangoni pa Ofisi

Siasa ya Ujamaa haikuja nchini mwetu kwa meli. Mwalimu Julius Nyerere alipoieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha kuwa mizizi yake imo katika maisha ya ukoo wa Kiafrika, ambamo mgeni alikirimiwa, mzee na yatima walitunzwa, na kila mwenye nguvu alishika jembe. Kiini chake ni utu.

Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 ndilo lililoufanya utu huo kuwa kanuni ya utawala. Kiongozi alikatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni na kupangisha nyumba. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukamwonya asiwe na jeuri wala dharau. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Wapo wanaowabeza leo. Wanaowabeza wakumbuke kuwa bila vijana wale watoto wengi wasingemwona mwalimu kabisa.

Ukweli unatupasa kukiri makosa pia. Mwishoni mwa mwaka 1973, kuhamia vijijini kulikuwa amri. Mahali pengine wananchi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto, na wakashushwa mahali pasipo maji. Hapo siasa ya utu ilitekelezwa bila utu, na viongozi wenye haraka ya kupeleka taarifa za ushindi hawakuwasikiliza wakulima walioijua ardhi yao. Fundisho lake ni zito: shabaha njema haihalalishi ubabe.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa. Hata hivyo, ibara ya 9 ya Katiba ingali inataja Ujamaa na Kujitegemea, na Sheria ya Maadili ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi wa umma atangaze mali yake. Sheria hizo ni za lazima, lakini hazitoshi. Hakuna sheria iwezayo kumlazimisha karani amheshimu mama aliyetembea tangu alfajiri kufuata cheti, kisha akaambiwa, "Njoo kesho." Wala hakuna waraka uwezao kumfanya mwalimu amjali mtoto wa maskini sawa na mtoto wa mkubwa.

Kwa hiyo basi, watumishi wa umma na walimu hawana budi kutambua kwamba wao ndio Serikali anayoiona mwananchi. Mwananchi huyo hakuisoma falsafa vitabuni. Ataijua kwa namna alivyopokewa, alivyosikilizwa na alivyohudumiwa. Akinyanyaswa mlangoni pa ofisi, hotuba zetu zote juu ya utu zitakuwa kelele tupu.