Nasaha kwa Wenye Maduka Juu ya Tovuti na Programu za Simu

Ndugu zangu wenye maduka, tangu simu za kisasa zilipoenea mikononi mwa watu, imezuka baina yetu itikadi kwamba biashara haihesabiwi kuwa imeendelea mpaka iwe na programu yake yenyewe, ambayo mushtari huipakua na kuiweka katika simu yake. Na kwa kuwa itikadi hii imekwisha kuwatia wengi katika gharama wasizozimudu, naona ni wajibu wangu kunena bayana kwamba mwenye duka aanze na tovuti nyepesi, isomekayo vyema kwenye simu, na programu aiache mpaka wateja wake waonyeshe kwa mwenendo wao kwamba wanaihitaji.

Nina jamaa yangu Mombasa, muuza kanga, aliyetoa akiba ya miaka miwili akatengenezewa programu ya duka lake. Siku moja mteja wake alimpelekea dada yake aliyeko Maskati kiungo cha doti mpya, na yule dada, aliyetaka kulisoma jina na kuutazama mji na pindo kabla ya kuagiza, alipokigusa hakuona kanga. Alitakiwa kwanza apakue programu, kisha aandike jina, kisha namba ya simu, kisha atunge neno la siri, na yote hayo katika simu iliyokwisha kujaa picha za arusi na sauti za jamaa. Akaghairi. Nani atamlaumu? Yuko wapi muuza nguo wa pwani yetu amzuiaye mpita njia kizingitini, akamshurutisha aandikishwe daftarini ndipo aruhusiwe kuitazama kanga iliyotundikwa? Sisi tumelelewa kumkaribisha mgeni kwanza, haja yake tukaiuliza baadaye, na sioni kwa nini adabu hiyo ikome pale biashara inapoingia katika simu.

Fauka ya hayo, mwenye programu ni mpangaji katika maduka ya programu ya Apple na Google. Aghalabu hana budi kuitengeneza kwa simu za Android na kwa simu za iPhone pia. Apple humdai dola 99 kila mwaka, Google dola 25 mara moja, na kila anapotaka kuitoa upya sharti isubiri idhini yao. Tovuti haina bawabu wa namna hiyo. Mtaalamu wa kompyuta Tim Berners-Lee aliubuni ufundi wa tovuti mwaka 1989 katika taasisi ya CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikaiachia dunia nzima ufundi huo bila ijara. Hivyo leo, ukiondoa ujira wa fundi, mwenye duka hulipia tu jina la tovuti yake na mahali pa kuiweka, na bei ya doti akiibadilisha asubuhi, wateja huiona asubuhi ile ile.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wenye mitaji midogo. Basi na tuwatazame matajiri wa India. Flipkart, duka kubwa mno la mtandaoni, lilifunga tovuti yake ya simu mwaka 2015 ili watu wote waifuate programu, na kabla mwaka haujaisha likairudisha kwa sura mpya, nyepesi, inayoweza kubandikwa kwenye uso wa simu kama programu. Myntra, duka la mavazi lililokuwa chini ya Flipkart, lilimaliza kufunga tovuti zake Mei 2015. Kufikia Juni 2016 lilikuwa limewafungulia tena hata wanunuzi wa kompyuta. Ikiwa wenye mafundi tele na rasilmali isiyo kifani walilazimika kurejea, mwenye duka moja ana hoja gani ya kujifungia mlango?

Lakini insafu yanilazimu kusema kwamba programu ina mahali pake. Dereva wa bodaboda apokeaye abiria mchana kutwa, mteja wa benki atazamaye salio lake kila siku, karani ahesabuye bidhaa ghalani pasipo na mtandao: hawa huirudia kazi ile ile mara nyingi, na taabu ya kuipakua hulipwa maradufu. Mnunuzi wa kanga, kinyume chao, huja kwa Idi, kwa arusi na kwa msiba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikutana na fundi, mwagize tovuti yenye picha zilizopunguzwa uzito, bei iliyo wazi, na namba ya kupigia na ya kulipia mahali pasipotafutwa. Kisha azima simu ya bei ya chini, yenye bando dogo, usimame nje juani saa sita ya mchana uifungue. Na ikiwa doti ya kwanza haijaonekana nawe umekwisha kuchoka kungoja, mrudishie fundi kazi yake siku hiyo hiyo, kabla hujamkabidhi fungu la mwisho la malipo.