Mliwasha wawili, zimeni wawili

Katika nyumba nyingi, jambo la mwisho kabla ya taa kuzimwa ni bwana kutoka nje na kuwasha sigara. Dakika moja baadaye bibi humfuata, ati kupunga upepo, naye akawasha yake. Hapo huzungumza habari za karo, za kodi ya nyumba na za shemeji aliyeomba mkopo. Kwa wawili hao, pengine hiyo ndiyo robo saa pekee ya siku wanayokaa pamoja bila watoto wala kelele.

Ndiposa mmoja anapotangaza kuwa anataka kuacha sigara, mwenzake husikia jambo lingine kabisa. Husikia kwamba ile robo saa yao imekwisha. Hasemi hivyo, lakini jioni ya tatu utamwona amewasha pale pale kizingitini na kumwuliza mwenzake, "Hata moja tu, kweli?" Na hiyo moja ndiyo huirudisha pakiti nzima.

Juma hili, ndugu msomaji, ningependa tuwaangalie wanandoa ambao wote wawili hutumia tumbaku. Ninalotaka kusema ni fupi: kama mlikuwa wawili katika kuvuta, kuweni wawili katika kuacha, na mwanze siku moja.

Haya si maneno matupu. Mwaka wa 2015, watafiti wa chuo cha University College London nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu jozi 3,722 za watu walioishi pamoja kama mume na mke, wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakivuta sigara, ni asilimia 8 pekee walioacha ikiwa mume aliendelea kuvuta. Ikiwa mume hakuwa mvutaji, walioacha walikuwa asilimia 17. Lakini ikiwa mume naye aliacha katika kipindi hicho hicho, nusu nzima ya wanawake hao waliacha. Kwa upande wa wanaume, picha ilikuwa karibu ile ile.

Zitazame tena hesabu hizo. Mume asiyevuta alikuwa wa msaada, lakini msaada wake ulikuwa mdogo. Yule aliyejua mwenyewe uchungu wa siku ya pili ndiye aliyemvusha mkewe. Wahenga hawakukosea waliposema kidole kimoja hakivunji chawa.

Aibu ya mmoja, ubabe wa mwingine

Kabla hamjapanga siku, kuna jambo moja ambalo ni lazima lisemwe wazi. Hapa kwetu bwana huvuta sigara barabarani akiwa ameinua kichwa, na hakuna anayegeuka kumtazama. Bibi akionekana na sigara, habari zitafika kwa mama mkwe kabla ya majivu kupoa. Hivyo bibi hujificha chooni, nyuma ya jikoni au kwa rafiki yake msusi. Wengine hawavuti kabisa bali hutia ugoro mdomoni au puani, jambo ambalo halitoi moshi wala haliulizwi.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 19.1 ya wanaume wazima na asilimia 4.5 ya wanawake walikuwa wakitumia tumbaku. Wengi wa wanawake hao hawakuwa wavutaji bali watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi kama vile ugoro. Kwa hivyo ninaposema "kuacha pamoja", simaanishi sigara pekee. Ugoro una nikotini ile ile inayomfunga mtu, na huleta saratani ya kinywa. Kwa mama mjamzito, tumbaku ya aina yoyote ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Sasa, bwana anayemwambia mkewe, "Wewe ni mama wa watoto, acha mambo hayo," huku yeye mwenyewe akitafuta kibiriti mfukoni, hajamsaidia. Nyani haoni kundule. Bibi huyo hataacha. Ataendelea kujificha tu, na anayejificha hawezi kuomba msaada siku akizidiwa. Mnapoketi kupanga, ketini kama watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Pasiwe na hakimu na mshtakiwa.

Chagueni siku, lakini msiivunje robo saa

Kaeni chini mchague tarehe iliyo ndani ya majuma mawili. Msichague juma la matanga, la arusi wala la kufunga shule, maana vishawishi na mawazo huwa vingi. Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani ni nafasi njema sana: mwili umekwisha kuzoea kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila tumbaku, na vita vinavyobaki ni vya usiku tu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, tupeni kila kitu: pakiti, kibiriti cha gesi, kisahani cha majivu na kile kikopo cha ugoro kilicho chini ya mto. Pekueni makoti ya zamani. Fueni mapazia na mablanketi, kwa sababu harufu ni mchochezi mkubwa. Mwambieni mtu mmoja au wawili mnaowaamini, na mmwombe mwenye kibanda cha karibu asiwauzie hata mkimbembeleza.

Hata hivyo, ile robo saa yenu ya usiku msiiguse. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaacha sigara na kuacha pia kuketi pamoja, na baada ya juma moja kila mmoja anaona kuwa amepoteza rafiki. Tokeni nje saa ile ile. Shikeni kikombe cha uji au maji ya ndimu, tafuneni njugu au kipande cha mua ili mdomo na mikono vipate kazi, au mtembee hadi kwenye lango na kurudi. Yazungumzeni yale yale ya karo na ya shemeji. Mtagundua kwamba kilichokuwa kitamu katika robo saa ile ni maongezi.

Siku za moto

Msidanganyike kuwa ni rahisi. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache, na ubongo uliozoea kulishwa hivyo kwa miaka hukasirika unaponyimwa. Siku mbili au tatu za mwanzo ndizo kali zaidi. Mtu huwa na hasira, kichwa humwuma, usingizi humpaa, na njaa humwandama. Hali hiyo hupungua katika muda wa majuma mawili hadi manne. Ile hamu inayokuja ghafla nayo huwa ya dakika chache tu, kisha hupita. Anayejua kwamba itapita huweza kuingoja.

Sasa fikiria nyumba ambamo watu wawili wako katika hali hiyo kwa wakati mmoja. Chumvi ikizidi kidogo kwenye mboga, ni vita. Kwa sababu hiyo, ombaneni radhi mapema. Kubalianeni kwamba maneno yatakayotoka katika juma hilo la kwanza hayatawekwa akiba, na kwamba mambo mazito kama vile kununua ploti au kumhamisha mtoto shule yatangoja. Mmoja akihisi anataka kulipuka, aseme tu, "Baba watoto, leo ni siku ya pili," kisha atoke atembee kidogo. Mwenzake ataelewa, kwani naye yuko katika siku ya pili.

Punguzeni pia chai kali na kahawa. Moshi wa sigara hufanya mwili uondoe kafeini haraka, na mkiacha kuvuta huku mkinywa vikombe vile vile, kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mtu hutetemeka na kukosa usingizi, akadhani ni sigara anayoitaka.

Wanaozidiwa wanaweza kumwuliza daktari au mwuza dawa kuhusu plasta na chingamu za nikotini. Dawa hizi huupa mwili nikotini kidogo bila moshi, na tangu mwaka wa 2009 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bibi aliye mjamzito au anayenyonyesha amwone daktari kwanza. Anayetaka ushauri kwa simu anaweza kupiga 1192, nambari isiyolipishwa ya NACADA.

Kuhusu unene, ambao akina mama wengi huuogopa, ni kweli kuwa wengi wanaoacha huongeza kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Kilo hizo zinaweza kupunguzwa kwa kutembea. Mapafu yaliyooza hayana dukani.

Usiwe askari wa mwenzako

Hatari kubwa kwa wanaoacha pamoja ni kwamba kila mmoja anaweza kugeuka askari. Bibi hunusa shati la bwana anaporudi kazini. Bwana humpigia simu mwenye kibanda kuuliza nani alinunua nini. Siku mmoja akianguka, na wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kufaulu, ataficha. Hapo sigara moja huwa imezaa uwongo, na uwongo katika ndoa ni mgumu kuuzima kuliko sigara.

Kwa hivyo wekeni kanuni tatu, na mziseme kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Ya kwanza, hakuna kupekuana mifuko. Ya pili, atakayeanguka atasema siku hiyo hiyo, na mwenzake hatamkemea wala kumcheka. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, asiyeanguka hatawasha ili kumliwaza aliyeanguka. Mlianza pamoja, ndiyo, lakini hamkuapa kuanguka pamoja. Anayebaki amesimama ndiye atakayemshika mkono mwenzake kesho yake asubuhi waanze tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Fanyeni hesabu

Tuseme sigara moja kwenye kibanda ni shilingi 15, na kila mmoja wenu huvuta kumi kwa siku. Hizo ni sigara 20, yaani shilingi 300 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 9,000, na kwa mwaka ni shilingi 109,500. Nyumba hiyo hiyo inayolia kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo huchoma zaidi ya laki moja kwa mwaka. Tafuteni kopo, mtie humo shilingi 300 kila jioni mnapotoka nje kwa robo saa yenu. Mwisho wa mwezi lifungueni mbele ya watoto.

Nao watoto wana haki yao. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 iliharamisha uvutaji katika ofisi, mikahawa na magari ya abiria. Nyumbani, askari ni mzazi mwenyewe. Wengi wetu huishi katika chumba kimoja au viwili, na kufungua dirisha hakutoshi kuuondoa moshi wote. Mtoto anayeuvuta huugua pumu, nimonia na maumivu ya masikio zaidi ya wenzake. Hata mke asiyevuta hayuko salama: mwaka wa 1981, mtafiti Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kuwa wake wasiovuta walioolewa na wavutaji wakubwa walifariki kutokana na saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wanaume wasiovuta.

Msomaji mwenye umri mkubwa asiseme kuwa jua limekwisha kutua. Mwaka wa 2004, Richard Doll na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa miaka kumi hivi kabla ya wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia miaka mitatu hivi, aliyeacha akiwa na 50 alipata sita, wa 40 alipata tisa, na wa 30 aliiokoa karibu yote kumi.

Miaka hiyo ikiokolewa na mmoja pekee, itakuwa miaka ya ujane. Mkiiokoa wawili, mtakuwa na mwenza wa kuketi naye nje ya mlango jioni, wajukuu wamelala, mkizungumza habari za shemeji ambaye hadi wakati huo hatakuwa amelipa ule mkopo.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, muulize mwenzako: "Tuweke tarehe gani?"

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.